Kocha Anapohama, Vijana Aliowasaka Ni wa Nani?

Sisi marafiki 12, wengi wetu wakazi wa Mwanga na Ujiji hapa Kigoma, tunacheza mtandaoni gemu la ukocha wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, na ugomvi wetu mkubwa haukuwahi kutokana na mechi. Umetokana na kanuni tuliyojitungia wenyewe: kocha anayehama haruhusiwi kumsajili kijana yeyote aliyekuwa akimfuatilia kwa niaba ya timu aliyoiacha, mpaka dirisha la usajili lifungwe.

Nakiri kwamba kanuni hiyo ina sababu yake. Katika gemu hili kila timu hupewa pointi za kusaka vipaji, ambazo kocha huzitumia wiki hadi wiki kuwapima vijana wa sekondari, kuwapigia simu na kuwatembelea. Mwenzetu mmoja, akijua fika kwamba anaondoka, alizimaliza pointi zote kwa kuwachunguza vijana waliofaa kule alikokuwa akienda, kisha akawasajili huko. Aliyerithi timu yake alikuta ghala tupu. Kanuni ikatungwa usiku uleule, kwa hasira, na tangu hapo imewanasa wasiohusika kuliko wajanja.

Mimi ni mmoja wa walionaswa. Nilipohamia timu kubwa zaidi msimu uliopita, nilikuta kompyuta, iliyokaimu ukocha kwa siku 3, imemwaga karibu pointi zote kwa vijana 5 wanaocheza nafasi moja, ilhali timu haikuwa na mtu mrefu hata mmoja wa kusimama chini ya goli. Vijana 11 niliowajua vizuri sikuruhusiwa kuwagusa. Mwenzangu aliyeichukua timu yangu ya zamani alirithi orodha yangu pamoja na pointi nilizokwisha kuziwekeza, akasajili 7; mimi niliambulia 2.

Huko Marekani kwenyewe hakuna anayemtaka kocha asahau majina. Mwishoni mwa Novemba 2021 kocha Lincoln Riley aliiacha timu ya Chuo Kikuu cha Oklahoma akaenda USC, chuo kikuu cha California, wiki chache kabla ya dirisha la mapema la Desemba la vijana kusaini na vyuo, na Februari 2022 Caleb Williams, aliyekuwa akirusha mipira ya Oklahoma, akamfuata. (Huo ni mpira wa Kimarekani, si kikapu, lakini mvutano ni uleule.) NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, ilikuwa imekwisha kuruhusu, tangu 2021, mchezaji ahame chuo mara moja tu bila kukaa nje msimu mzima. Riley aliondoka na ujuzi wake na mahusiano yake. Bajeti ya Oklahoma ilibaki Oklahoma.

Tofauti hiyo ndiyo kanuni yetu inayoichanganya. Pointi ni mali ya timu na zibaki pale zilipotumika, lakini anachokijua kocha hakina mlango wa kufungia. Basi aruhusiwe kumfuata kijana yuleyule akianzia sifuri, ashindane na timu ya zamani ambayo tayari imetangulia. Mjanja wetu wa mwanzo angebaki na majina matupu, bila pointi hata moja ya kuyasukuma.

Hata hivyo, chanzo hasa ni kalenda. Nafasi za ukocha hutangazwa usajili ukiwa umekwisha kuanza. Jirani yangu mvuvi alicheka nilipomweleza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika, na mtu mwenye akili, alisema, hubadili mtumbwi wakati huo, si wavu ukiwa majini.

Kwa hiyo nimewasilisha hoja 2 kwa wenzangu. Ya kwanza ni kwamba uhamisho wote wa makocha umalizike kabla usajili haujafunguliwa, na ikitokea kompyuta imekaimu, pointi ilizotumia zirudishwe. Hiyo imekubaliwa na wote. Ya pili, ya kumruhusu kocha aanze upya na vijana anaowajua, ina mpinzani mmoja, naye ndiye aliyewasajili wale 7.