Kinyonga wa Mpera wa Bibi

Kosa lilikuwa langu, na heri niliseme mapema.

Mwaka 1998 nilikuwa darasa la sita, nakaa na bibi mzaa mama kule Ng'ambo, Tabora mjini. Mvua za El Niño zilikuwa zimenyesha mpaka watu wakachoka kuzisema. Majani kando ya reli yalinipita kimo, madimbwi ya barabarani yalikaa hadi yakapata vyura wake, na panzi walijaa hata kuku wa bibi wakawa wanachagua wa kula na wa kuacha.

Bibi alikuwa ananusa ugoro. Sisi ni watu wa tumbaku. Mjomba alikuwa na shamba na mabani yake ya kukaushia tumbaku upande wa Urambo, na kila msimu bibi alitengewa majani yake. Aliyatwanga mwenyewe, akachanganya na magadi, akautia ugoro kwenye kikopo cha bati kilichoshinda pindoni mwa khanga. Alipokuwa anaoga alikiacha juu ya mtungi. Hakuna mtu aliyekigusa kikopo kile. Mimi nilikigusa.

Wavulana wakubwa wa mtaani walikuwa wameapa kwamba kinyonga akilambishwa ugoro analewa na kucheza. Sasa tukamkuta mmoja anakatiza njia nyuma ya nyumba, mkubwa, kijani, na mwendo wao ule wa niende-nisiende. Tulipomzunguka akavimba, akafumbua kinywa cha rangi ya chungwa, akatoa mlio kama tairi la baiskeli linalopungua upepo. Kwake kile kilikuwa kitisho. Kwangu ilikuwa nafasi. Nikaupeleka ugoro kwa ncha ya kijiti hadi ndani kabisa.

Hakucheza. Alianza kuwa mweusi kutokea kichwani kushuka mkiani, kama mkaa uliomwagiwa maji. Miguu ikalegea kidole kwa kidole, ulimi ukabaki nusu nje, akalala ubavu. Wenzangu walicheka kidogo, kisha hawakucheka, kisha hawakuwapo. Mimi nilibaki kwa sababu kijiti kilikuwa mkononi mwangu.

Nilimbeba juu ya tawi, nimemfunika kwa shati la shule, kwani kumshika sikuthubutu. Tuliambiwa mate yake yanaleta mabaka, na kwamba akikung'ata haachii mpaka radi ipige. Bibi aliponiona naingia uani na mzigo ule alisimama, kinu kikabaki na mchi wake.

"Wee mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "hicho kitu kitoke uani kwangu."

Hakumtaja jina. Katika miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kusikia neno kinyonga likitoka mdomoni mwake. Alikuwa "kitu", au "yule", na siku ya hasira kabisa, "mkosi wako".

Aliyeniokoa ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, mwanafunzi wa chuo cha ufugaji nyuki pale Tabora. Tulimwita Kaka Nyuki. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, lakini alishajifunza kumwamkia bibi "mwangaluka" kila asubuhi, na kwa neno hilo moja alipata mengi katika nyumba ile, ikiwemo mboga. Alimwangalia kinyonga, akanusa kijiti, akaniangalia na mimi. Hakuuliza chochote. Akachukua pamba, akailowesha, akaikamua hadi ikabaki unyevu tu, akaanza kumfuta kinywani taratibu kama mtu anayesafisha saa.

"Kwa nini usimmwagie maji?" nikauliza.

"Yataingia mapafuni. Hapo tutakuwa tumemmaliza."

Nilitaka kumweka kwenye boksi la sabuni lenye matundu. Akakataa. Alisema mnyama wa namna hii hana joto lake mwenyewe, analipata juani, na akiwa baridi hata chakula hakisagiki tumboni. Ukimfungia gizani umemzika. Tukamweka kwenye mpera uliokuwa ukutani, tawi la chini, mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa tano. Mpera ulikuwa wa bibi. Bibi aliingia ndani, akarudishia mlango.

Jioni ile ile, akiwa kwenye kigoda, alifungua kikopo chake. Akatazama ndani muda mrefu. Akanitazama. Akakifunga.

Siku tatu za kwanza sikumbuki nilisoma nini shuleni. Macho ya kinyonga, ambayo kwa kawaida yametokeza kama vizibo viwili, yalikuwa yamezama. Kaka Nyuki aliniambia hiyo ni kiu. Nikamwekea maji kwenye kifuniko, hakuyajali. Ndipo nikaelezwa kwamba kinyonga hajui bakuli. Maji anayoyafahamu ni yale yanayong'aa juu ya jani, umande na matone ya mvua. Nikatoboa kopo la Blue Band kwa msumari mwembamba, tundu moja tu, nikalining'iniza juu ya tawi lake. Tone likawa linaanguka juu ya jani, linateleza, linakaa nchani kabla ya kuanguka. Kulijaza kopo lile ikawa kazi yangu kabla ya shule na baada ya shule, na kwa kuwa mvua ilinyesha karibu kila siku, nadhani nusu ya kazi ile ilikuwa ya kunituliza mimi.

Siku ya pili aliacha weusi, akawa na rangi ya majani makavu. Siku ya tatu nilimwona anakunywa. Kichwa kiliinuka kidogo, taya zikawa zinatafuna hewa, tone likapotea. Nilikaa chini ya mpera mpaka nikachelewa shule, nikachapwa, na hata fimbo zile sikuzihesabu.

Siku ya tano alikula. Nilikuwa nimemfunga panzi kwa uzi kwenye tawi, nikasogea mbali. Jicho moja lilinitazama mimi, jingine likamtazama panzi, kisha yote mawili yakaenda mbele kwa pamoja. Alipokaa hivyo nilijua kitatokea kitu. Sikuuona ulimi ukitoka. Niliona panzi yuko, kisha panzi hayupo, na uzi unaning'inia. Nikapiga kelele hadi bibi akachungulia dirishani, akasema nitaita nyoka.

Habari zikaenea. Wale waliokimbia wakarudi, safari hii na panzi, kwa bei ya gololi moja kwa panzi wakubwa watano. Walitaka kumwona akibadilika rangi. Mmoja akaleta wazo la kumweka juu ya khanga ya bibi iliyokuwa kwenye kamba, tuone kama atatoa maua na maandishi. Tulimweka. Hakutoa maua wala jina la methali. Alikasirika tu akawa na madoa. Kaka Nyuki alitukuta, akatueleza kwamba hafanyi vile ili afanane na alipokaa. Rangi yake inafuata joto, mwanga na hali ya moyo wake. Mpaka leo nikisikia mwanasiasa anaitwa kinyonga kwa kuhama chama, naona mnyama yule anaonewa, kwa kuwa yeye rangi yake ilisema kweli siku zote. Bibi naye akaifua khanga ile mara mbili.

Baada ya kama wiki mbili akaanza vituko. Alikuwa amenona, ubavuni ana vimbe kama amemeza maharage. Akaacha kula. Akawa anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, anatembea chini kwenye mchanga ambako kuku wanapita. Kila nikimrudisha juu, anashuka. Nikajua ugoro umemrudia.

"Ni jike huyu," Kaka Nyuki akasema. "Ana mayai. Hata siku ile mlipomkuta njiani, huenda alikuwa anatafuta pa kutagia. Usimzuie."

Hapo nikaogopa zaidi. Kila mtoto wa Tabora alijua kwamba kinyonga akizaa anapasuka tumbo, watoto wanatoka, yeye anakufa papo hapo. Nilimwambia Kaka Nyuki. Akacheka, akasema wako vinyonga wa milimani wanaozaa watoto hai, lakini huyu wa kwetu anataga, anafukia, na kuondoka zake. Sikumwamini. Maneno ya mtaa mzima dhidi ya maneno ya mtu mmoja wa chuoni, tena chuo chenyewe cha nyuki.

Alichagua tuta la mwisho la viazi vitamu vya bibi, lililo karibu na uzio. Alianza alasiri. Alichimba kwa mikono yake ile yenye vidole vilivyoshikana mafungu mafungu, ambayo ukiitazama utasema imeumbwa kwa kushika vijiti tu. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Akazama kichwa, mabega, tumbo, ikabaki ncha ya mkia. Baadaye akageuka humo humo ndani, kichwa kikawa juu, akatulia. Mimi nilikaa nikifukuza kuku kwa kirungu. Giza lilipoingia nikaambiwa nikalale, nikalala na nguo na viatu.

Asubuhi shimo lilikuwa limefukiwa na kushindiliwa, hata nisingelijua mahali pake kama nisingekuwa nimeweka jiwe. Yeye nilimkuta chini ya mpera. Hakuwa amepasuka, ila afadhali ningesema amepasuka, kwa jinsi alivyokuwa. Ngozi ilimkaa kama shati la kaka yake mkubwa. Mifupa ya nyonga ilionekana. Alijaribu kushika shina, mguu wa mbele ukatetemeka, ukaachia. Akajaribu tena. Rangi ilikuwa ile ya siku ya kwanza.

Kopo likarudi kazini, panzi wakarudi. Alikunywa. Alikula, mmoja tu kwa siku, lakini miguu haikupata nguvu. Kaka Nyuki aliuliza mwalimu wake, nami nikaenda kwa bwana mifugo, ambaye alinisikiliza kwa heshima zote kisha akasema yeye ana dawa ya ng'ombe, mbuzi na kuku, nichague. Siku ya nne nililia. Nililia nyuma ya choo ili nisionekane.

Bibi alinikuta. Alikuwa na beseni la pumba za kuku. Alisimama akiangalia pembeni, upande usio wa mpera.

"Kuku wangu akitaga mfululizo miguu inamwisha," alisema. "Unajua huwa nampa nini?"

Nilijua. Niliyaona kila wiki wala sikuyafikiria: maganda ya mayai, ameyakausha juu ya bati, ameyatwanga.

"Maganda."

"Haya. Sijasema kitu mimi."

Akaondoka. Jioni nilikuta unga mweupe kwenye kipande cha gazeti, karibu na mlango wa Kaka Nyuki. Ulikuwa umetwangwa laini kuliko ule wa kuku, na kuchekechwa kwa chekeche la unga wa sembe, chekeche ambalo mimi nilikatazwa hata kulishika. Kaka Nyuki alipouona alijipiga paji la uso. Alisema mayai yote yale yamemkausha chokaa mwilini, kwa nini hakufikiria. Tukawa tunawapaka panzi unga ule kama wanavyopakwa vitumbua sukari. Tena tukamhamishia tawi lenye jua zaidi, kwa maelezo yake kwamba bila jua la moja kwa moja chokaa hiyo haiingii mifupani.

Haikuwa kesho yake wala kesho kutwa. Ilichukua karibu wiki tatu, na gazeti lile la unga lilijazwa mara mbili nami sikuona mkono uliolijaza. Kwanza mguu ukaacha kutetemeka. Kisha akapanda tawi la pili. Kisha nikamkuta juu kabisa, kijani kibichi, mstari mweupe ubavuni, akanitolea mlio wake wa tairi. Nilifurahi kutukanwa.

Kaka Nyuki alikuwa ameshanionya kwamba mnyama wa porini si wangu, ni wa nchi, na akipona aachwe. Sikupata nafasi ya kumwacha. Aliondoka mwenyewe mwezi Mei, mvua zilipokatika. Usiku tulimtafuta kwa tochi. Kinyonga akilala anapauka, tochi ikimpiga anaonekana kama jani jeupe. Tulimwona kwenye mwembe wa jirani, mbali na juu. Usiku wa pili hatukumwona. Kama aliwahi kunijua mimi ni nani, jicho lake halikuonyesha.

Mwezi wa saba bibi alivuna viazi, akaanza kukata michembe, vile vipande vya kuanika juani. Matuta yote yalifukuliwa isipokuwa la mwisho. Mama alipokuja kutusalimia akauliza kulikoni. Bibi akajibu kwamba tuta lile limeingia fukusi, halina faida.

Halafu mvua zikaanza tena. Mwishoni mwa Desemba, asubuhi moja baada ya kunyesha usiku kucha, niliona kitu kwenye jani la kiazi, urefu wa njiti ya kiberiti pamoja na mkia wake, kina miguu minne na macho mawili yanayotazama kusikolingana. Nikaona kingine. Nilihesabu kumi na saba kabla sijakimbilia ndani kumwambia bibi.

Alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka. Alisema tu nimfungie kuku wote bandani, wasitoke mpaka atakaposema, kwa kuwa ameona mwewe anazunguka.

Wakakaa ndani siku nne. Mimi nilikuwa likizo, nilishinda uani siku zote hizo, na mwewe sikumwona.