Kamba kochi, skonzi na uvumi wa Freemason hapa Mtwara

Mgahawa wa vyakula vya baharini ukifunguliwa Mtwara na kupata wateja, haupiti muda mrefu kabla watu hawajaanza kunong'ona kwamba mwenyewe amejiunga na Freemason. Nimeyasikia maneno hayo vijiweni Shangani na hata Mikindani, na yananiuma, kwa sababu yanawanyang'anya wavuvi na wapishi wetu sifa ya jasho lao, tena kwa kutumia jina la chama ambacho wasemaji hawajui kilikotoka.

Mgahawa ninaoupenda huuza kamba kochi ndani ya skonzi, mlo wenye asili ya pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Katika jimbo la Connecticut nyama hutiwa siagi ya moto, na mgahawa wa Perry's wa mji wa Milford ndio unaotajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi, katika miaka ya 1920. Katika jimbo la Maine nyama huliwa ya baridi, ikiwa imechanganywa na mayonezi. Kamba wa kule ana magando mazito yaliyojaa nyama, ilhali wetu wa miambani hana magando kabisa, na nyama yake karibu yote imo mkiani. Kwa hiyo mpishi wetu huupasua mkia kwa urefu, huondoa mshipa mweusi, huupaka chumvi, kitunguu saumu na ndimu, kisha huulaza juu ya makaa ya vifuu, gamba likiwa chini ili maji yake yasipotee. Nyama ikishakuwa nyeupe huiepua papo hapo, maana ikichelewa hukakamaa. Huikatakata, huijaza ndani ya skonzi iliyopashwa kwa siagi, na badala ya mayonezi huimwagia tui zito lililochemshwa na pilipili. Kwangu mimi, tui linaishinda mayonezi kwa mbali.

Freemason nao historia yao imepita mezani. Chama hicho kilichota mapokeo yake kwa mafundi waashi wa mawe wa Ulaya, ndiyo maana alama zake ni bikari na kipimo cha pembe cha fundi. Kwa masimulizi ya chama chenyewe, tarehe 24 Juni 1717 matawi manne ya London, yaliyozoea kukutana katika nyumba za vileo na chakula, yaliungana ndani ya nyumba ya namna hiyo iliyoitwa Goose and Gridiron. Katiba yao, iliyoandikwa na James Anderson, ilichapishwa mwaka 1723. Miaka kumi baadaye Henry Price alianzisha tawi mjini Boston, nalo likakutana katika nyumba ya Bunch of Grapes, kwenye pwani ile ile ya kamba wenye magando. Hata leo, kikao kikiisha, wanachama huketi kula pamoja.

Shaka juu yao ni ya zamani; Papa Clement XII aliwakataza Wakatoliki kujiunga mwaka 1738. Lakini hadithi za kumwabudu shetani zilienezwa sana na Mfaransa Léo Taxil, ambaye mwaka 1897, mbele ya hadhara mjini Paris, alikiri mwenyewe kwamba alizitunga. Na hapa kwetu Andy Chande, aliyekuwa kiongozi wa chama hicho Afrika Mashariki, hakuuficha uanachama wake. Vinu vya familia yake vilitaifishwa mwaka 1967 kama mali za matajiri wengine.

Anayetaka kujua siri ya mgahawa ule na aende Feri alfajiri, amwone mwenyewe akipatana bei na wazamiaji, akimgeuza kila kamba tumbo juu na kumkataa mwenye mayai. Kusi ikichachamaa wazamiaji hawatoki, kamba kochi huadimika, na siku hizo ubao wa mlangoni huandikwa pweza na ngisi peke yake.