Miwani ya Malcolm, Pua ya Kwetu

Nimevaa miwani tangu darasa la sita, na miaka yote hiyo kidole changu cha shahada kimekuwa na kazi moja: kuirudisha juu. Fremu nyingi za dukani zimekatwa kwa pua nyembamba iliyoinuka. Yangu ni pana na imelala, kwa hiyo miwani inateremka, inakaa juu ya mashavu, na nikicheka inapanda na kushuka nayo. Nilidhani ndivyo miwani ilivyo.

Kilichonizindua ni picha ya Malcolm X, yule mpigania haki za Wamarekani Weusi. Mnaijua ile miwani yake: juu plastiki nzito kama nyusi za pili, chini waya mwembamba tu. Alisimulia mwenyewe kwamba alipotoka gerezani mwaka 1952 alinunua vitu vitatu: miwani yenye sura nzuri kuliko ile ya gerezani, sanduku la safari na saa ya mkononi. Macho yalikuwa yameharibika kwa kusoma usiku baada ya taa kuzimwa, akiuvizia mwanga wa korido. Mtu hana kitu, na anaanza na miwani! Miaka kumi na miwili baadaye, Oktoba 1964, alikuwa Dar es Salaam akionana na Mwalimu Nyerere.

Nikaamua nitachongesha ya kwangu. Naishi London, na hapa bado wako mafundi wachache wa fremu za mkono. Niliyempata anafanya kazi peke yake kwenye chumba kinachonuka nta. Bei yake, pauni 700 bila lenzi, nilidunduliza miezi minane. Mke wangu alinyamaza, na ukimya wake nao ulikuwa na bei yake.

Siku ya kwanza hakugusa msumeno. Alinipima kwa rula: kutoka mboni hadi mboni milimita 66, upana wa pua, kina cha mashavu. Hapo ndipo nilipojua maana ya zile namba zilizoandikwa ndani ya mkono wa miwani. Ukikuta 48 na 20, lenzi ina upana wa milimita 48 na daraja la pua ni 20. Jumla ikikaribia umbali wa mboni zako, jicho linakaa karibu na katikati ya lenzi. Kwa mtu wa hasi sita kama mimi, yaani asiyeona mbali bila lenzi kali, hilo si pambo, maana lenzi za hasi hunenepa pembeni, na lenzi kubwa humwacha mtu na vitako vya chupa.

Akaniletea vipande vya asetati nichague rangi. Ni plastiki itokanayo na nyuzi za pamba na miti, inakatwa kutoka kwenye bamba, kisha inalainishwa kwa joto na kukunjwa. Kimoja kilikuwa na madoa ya kahawia na asali, na nilicheka peke yangu: ni ng'amba wa kuiga, yule kasa wa baharini! Magamba ya ng'amba yalisafirishwa kutoka pwani yetu tangu enzi za Wagiriki na Warumi, na miwani ya matajiri ilitengenezwa nayo mpaka biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku. Nikachagua nyeusi hata hivyo. Malcolm ni Malcolm.

Kosa nililifanya mimi. Nilishikilia ifanane na picha, unene uleule, upana uleule. Jaribio la kwanza nilijitazama kwenye kioo nikamwona mtu aliyevaa nyusi za mwingine, zimefunika za kwangu kabisa. Fundi hakunicheka. Alinieleza kwamba mtindo huo ulibuniwa Marekani mwaka 1947 na kampuni ya Shuron, wakauita Ronsir, na uzuri wake ni kwamba nyusi, daraja na waya vilikuwa vipande mbalimbali vya saizi mbalimbali, ukaweza kuunganishiwa vinavyokufaa. Yaani hata ile ya kiwandani haikumlazimisha kila mtu sura moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikilazimisha.

Akazipunguza nyusi kwa tupa, kidogo kidogo, kisha msasa, kisha gurudumu la kitambaa. Vishikio vya puani akavirefusha na kuvilaza. Hapo ndipo pesa yangu ilipokwenda, nadhani, kwenye vile vijiti viwili vya chuma visivyoonekana.

Baada ya wiki saba niliichukua. Desemba nikaenda nayo Tanga, kwenye jasho lenyewe. Nilimsaidia shangazi kupakua mchele kwenye gari, nimeinama, uso unatiririka, na kidole changu hakikupata kazi. Shangazi akanitazama, akanivua miwani bila kuomba, akaivaa. Ikamporomokea hadi ncha ya pua.

"Ishike mwenyewe, mwanangu," akasema, akainua gunia lake.