Maktaba ya wilaya ni ya nani?

Kila mwaka, bajeti ya wilaya yetu huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, inapofika kwa idara ya Maendeleo ya Jamii, maktaba hutajwa kwa pumzi moja pamoja na vikundi vya akina mama, vijana na walemavu, kisha tunaingia kwenye bajeti ya barabara. Barabara ndiyo inayoleta kura. Mimi ni diwani, najua ninachosema.

Wapiga kura huniuliza: mbona Kampala, yaani serikali kuu, haitengenezi paa la maktaba? Zamani ilikuwa kazi yao kweli. Enzi za mkoloni, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, East African Literature Bureau, shirika la vitabu la Afrika Mashariki lililokuwa Nairobi, ilipeleka vitabu vijijini kwa masanduku na kwa posta. Mwaka 1964 Bunge likaunda Bodi ya Maktaba za Umma, nayo ikafungua matawi nje ya Kampala.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikageuza mambo. Maktaba zikawa za wilaya: jengo, mishahara, bili ya umeme, vyote vyetu. Mwaka 2003 bodi ikavunjwa, ikaja Maktaba ya Taifa ya Uganda. Hiyo ilipewa kazi ya kupokea nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini, na kutoa miongozo na mafunzo kwa wakutubi. Paa si lake.

Kisha 2005 kodi ya kichwa ikasimamishwa. Siililii; baba yangu mdogo alikuwa akilala kichakani msako wa wasiolipa ukija. Lakini ndiyo ilikuwa pesa kubwa ambayo baraza liliweza kuipangia lenyewe. Pesa inayoshuka kutoka serikali kuu, sehemu kubwa huja na matumizi yake yameshaamuliwa.

Matokeo yake ingia uyaone. Wazee wanagombea gazeti moja. Wanafunzi wa S.4, kidato cha nne, wanasoma daftari zao wenyewe, maana hapo angalau kuna meza. Vitabu vya Kilugbara, lugha ya huku kwetu, unavibeba vyote kwa mkono mmoja. Huko Kitengesa, karibu na Masaka, wanakijiji hawakutungoja sisi madiwani. Ilianza na sanduku la vitabu kwenye shule ya sekondari ya hapo mwaka 1999, leo wana maktaba yao.

Kikao kijacho naomba mawili: maktaba ipewe kifungu chake chenyewe katika bajeti, na kamati yake iingize mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya, aliniambia niandike. Nimeshaandika, nakala kwa CAO, afisa mkuu wa utawala wa wilaya.