Sabuni za baba na msiba wa Sokoine

Kila ikifika tarehe 12 mwezi wa nne, siku aliyofariki Sokoine, mi huwa namkumbuka baba kuliko hata Sokoine mwenyewe, najua inashangaza kidogo maana Edward Sokoine alikuwa waziri mkuu wa Tanzania na baba alikuwa na kiduka cha mabati tu pale Morogoro mjini, ila ngoja nieleze.

Turudi kwanza 1983. Sokoine ndo kwanza karudi kwenye uwaziri mkuu (aliwahi kuwa 1977 mpaka 1980), mwezi wa tatu ukaanza ule msako wa wahujumu uchumi. Waliokuwepo wanajua. Sukari hamna, sabuni hamna, foleni ya duka la ushirika unaweka jiwe likushikie nafasi unaenda kuchota maji unarudi jiwe limesogea hatua mbili, halafu kumbe vitu vipo kwenye stoo za watu. Baba hakuwa na ubavu wa kuhujumu uchumi wa nchi, alikuwa na katoni sita tu za sabuni za mche alizozipata kwa njia anazozijua yeye, anasubiri bei ipande. Aliposikia watu wanabebwa kwenye karandinga, usiku huohuo yeye na kaka yangu wakachimba shimo nyuma ya choo wakazika.

Sasa mtu mwenye woga hakumbuki kwamba ni masika. Mvua ikapiga siku nne mfululizo, siku ya tano tunaamka nyuma ya choo kunatoka maji meupe kama maziwa na povu juu yake, yanateremka taratibu kuelekea kwa jirani. Mama anamwagia majivu, povu linakuja na majivu yake. Mara balozi wetu wa nyumba kumi huyo, akasimama, akaangalia weee, akasema "Mama, naona leo choo chenu kinafua," akaenda zake. Hakusema popote mzee yule. Tulikaa wiki nzima tunasubiri mgambo, hawakuja.

Sabuni zote zikaishia hivo. Kuanzia siku ile baba akawa hataji jina la Sokoine, anasema "yule bwana wa Monduli" (ndo kwao Sokoine), na redio ikianza kumsifia anaizima kwa kisingizio cha kubana betri.

Sasa ile Alhamisi ya 1984. Nilikuwa na miaka 11. Betri zilishinda juu ya bati zinaota jua (mliozaliwa juzi hamuwezi kuelewa, betri ikiisha unaianika inapata nguvu ya taarifa ya habari moja), jioni kaka akazirudisha kwenye redio, na tukamsikia Mwalimu Nyerere mwenyewe. Sio mtangazaji, Mwalimu, na sauti haikuwa ile tuliyoizoea. Sokoine amefariki kwa ajali ya gari akitoka Dodoma kwenye bunge anaenda Dar, ajali imetokea Dakawa. Yani barabara yetu kabisa, alikuwa kabakiza kama kilomita 40 aingie mjini kwetu.

Mi na akili yangu ya kitoto nikaona hii ni habari njema ya nyumbani, nikasema kwa sauti, "Baba, sasa si tutauza tena sabuni?"

Lile kofi nalisikia mpaka leo. Lakini kilichonitisha sio kofi, ni kwamba aliyepiga ndo alianza kulia, mi nikasahau hata kulia nikawa namwangalia tu. Sikuwahi kumuona baba analia, hata bibi alipofariki alitoka nje. Kaka akamuuliza taratibu, baba, si huyu alikutia hasara? Baba akajibu, "Kanitia. Nitajie nyumba moja aliyojenga kwa hela yetu. Haya taja." Kaka hakuwa na cha kutaja. Duka halikufunguliwa kesho yake, na wala hakuna mtu aliyeagiza lifungwe.

Jumamosi akanichukua tukapanda lori la mahindi mpaka Dakawa. Kwanini mimi sijui, labda lile kofi lilikuwa linamuuma. Nilitegemea kuona kitu kikubwa, magari yale, damu, sijui nini. Hamna. Barabara tu na vipande vya vioo kwenye majani na watu wamesimama pembeni kwenye tope, wengi, wengine na baiskeli, hawaongei. Waliokuwa wanaongea walikuwa wananong'ona kuhusu gari la dereva mmoja Msauzi walilogongana nalo, maneno yakawa mengi na mpaka leo yapo, mi huko siingii. Sokoine alikuwa na miaka 45 tu, na mi leo nimeshampita.

Baba akavua baraghashia, akasimama nayo mkononi manyunyu yanamnyeshea kipara, midomo inacheza. Nilipogeuka nikamuona nani, balozi wetu, naye kaja na baiskeli yake.

"Na wewe umekuja?" balozi akamuuliza.

"Nimekuja bwana. Sabuni nishamsamehe."

Balozi akacheka kidogo halafu akaziba mdomo na mkono, akaona haya kucheka pale.

Mwaka huohuo chuo cha kilimo pale kwetu kikapewa jina lake, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, watu wanasema SUA, baba mpaka anaingia kaburini alikuwa anasema "naenda pale kwa Edward" kama anaongelea shemeji yake. Na Jumatatu baada ya ile safari ya Dakawa alifungua duka akaandika bei za serikali kwa chaki kwenye ubao, chumvi, kiberiti, mafuta ya taa, kila kitu mpaka senti, na akauza kwa bei hiyohiyo. Ilidumu wiki mbili na siku tatu, mama alikuwa anahesabu.