Fasihi ya lugha mbili: anzeni na kisa kimoja

Mnaotaka kuunda kikundi cha fasihi linganishi, yaani cha kusoma kazi za lugha tofauti kwa kuzilinganisha, tafadhali msianze na riwaya nzima. Chukueni kisa kimoja kilichohama lugha, kurasa kumi hivi, na wasomaji wasizidi wanane ili kila mtu apate nafasi ya kusema.

Mimi hupendekeza visa vya mbweha wawili, Kalila na Dimna. Vilianzia Sanskriti, lugha ya kale ya India, vikapitia Kipahlavi cha Uajemi, na katika karne ya 8 mwandishi Ibn al-Muqaffa akavitia kwenye Kiarabu. Someni kisa cha simba mfalme na rafiki yake fahali, waliofitinishwa na Dimna, mpaka mwisho. Katika Sanskriti, mbweha aliyewafitinisha anabaki na cheo chake kwa mfalme. Katika Kiarabu kuna sura nzima ya ziada: anashtakiwa, anajitetea kwa ufasaha wa ajabu, anaadhibiwa. Kaeni hapo hata saa nzima. Kwa nini ujanja ulioshinda kule ulihitaji kesi huku?

Kabla ya kukutana, kila mmoja asome mara mbili na aweke alama palipoongezwa, palipoachwa na palipogeuzwa.

Mijadala mingi hufa kwa sababu watu hukimbilia kufanana. Wakishakubaliana kwamba binadamu ni wamoja, hakuna la kuongeza. Lingine ni kutegemea tafsiri moja, halafu mwandishi analaumiwa kwa uamuzi wa mfasiri. Tafuteni mbili, na akiwepo anayeijua lugha ya asili, asome aya moja kwa sauti, polepole, kabla hamjaanza kubishana.