Bibi kakalia sanduku

Leo nimetoka kwenye kikundi cha hisa, kile cha kuweka akiba na kukopeshana, bado nacheka peke yangu.

Mimi ni mlezi wao, kazi yangu pale ni kukaa pembeni tu, kikundi ni chao. Kikao wamekihamisha Jumatano kwa sababu ya gulio, sawa. Faini ya kuchelewa wameishusha mpaka 200, sawa. Hata kukaa kwa kufuata namba za wanachama wameacha. Nikameza mate, nikanyamaza.

Sasa leo.

Mshika ufunguo wa tatu wa sanduku la hela kaenda msibani, na ufunguo kaenda nao. Kuna mama anataka mkopo wa mbegu, mvua ndiyo hiyo. Kijana mmoja akainuka: "Tuvunje tu kufuli, si tunaaminiana?"

Wote wakanigeukia.

Kufuli 3, watu 3, sanduku linafunguliwa mbele ya wote. Hapo silegezi. Ila kabla sijafungua mdomo, bibi mweka hazina alikunja kanga yake taratibu, akaitandika juu ya sanduku, akalikalia.

"Vunjeni. Anzeni na mimi."

Kimya! Kisha kicheko. Hela ya mbegu wakachanga kutoka mifukoni, ikaandikwa daftarini.

Mnaolea vikundi, nyie mngefanyaje? Na hiyo faini ya 200 inamuuma nani jamani?